Kuku wa kuchi: Ukali wake wadai malezi ya pekee

KUKU wa kuchi ni miongoni mwa kuku wa asili wanaotambulika kwa urahisi zaidi nchini Tanzania. Ana miguu na shingo ndefu, husimama wima, na ana upanga mdogo na mdomo mfupi uliopinda. Jogoo aliyekomaa hufikia takribani kilo 2.7 na tetea kilo 1.8, ingawa tetea huyo hatagi mayai mengi.

Kuchi anajulikana zaidi Kanda ya Ziwa, Zanzibar na, kwa upande wa Kenya, Lamu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ana undugu na shamo, kuku wa mapigano wa Japani. Nasaba hiyo ndiyo inayoeleza tabia yake: ni mchangamfu na humzoea mtu upesi, lakini jogoo hamvumilii jogoo mwenziwe.

Tabia hiyo ni tatizo kwa mfugaji wa Ndanda, Masasi au Newala, ambako kuku wa kienyeji hushinda wakijitafutia chakula mikoroshoni na majogoo ya nyumba jirani hukutana. Jogoo wa kawaida akishindwa hukimbia, ugomvi ukaisha. Kuchi huweza kupigana hadi mmoja apofuke au afe.

Kwa sababu hiyo, kuchi hufaa kufugwa ndani ya uzio, jogoo 1 kwa mitetea wapatao 10. Mapora hutengwa mara yanapoanza kushambuliana. Kila banda liwe na chombo chake cha maji, hasa Newala na kwingineko juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida tangu zamani.

Kutegemea jogoo mmoja kuna hatari mbili. Ya kwanza ni jogoo kupanda mabinti zake, hali inayodhoofisha vifaranga. Dawa yake ni wafugaji kubadilishana majogoo kabla mabinti hao hawajaanza kutaga. Jogoo mgeni atengwe kwa wiki 2 kabla ya kuingizwa bandani.

Hatari ya pili ni mdondo, unaoitwa pia kideri, ambao huweza kufyeka kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Ugonjwa huo hauna tiba, ila una kinga. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone 1 katika jicho la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Asiyechanja huweza kupoteza jogoo wake wa pekee, na mbegu yake ikapotea naye.

Kuwapiganisha kuku kwa burudani ni ukatili, nao umekatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Thamani ya kuchi imo katika nyama na mbegu yake, na vyote viwili hulindwa na uzio pamoja na chanjo.