Jinsi Nembo Yetu Ilivyopatikana

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, si haki kupita bila kutaja habari za nembo iliyo juu ya jalada la kitabu hiki na juu ya kila gunia la korosho litokalo ghalani mwetu. Wengi huiona, lakini wachache wajua kuwa ilizaliwa kwa mashauri marefu baina ya wakulima na mchoraji.

Kutafuta alama si jambo jipya katika ushirika. Shirikisho la Ushirika Duniani, lililoundwa London mwaka 1895, lilijaribu michoro mbalimbali kabla ya kuikubali bendera yake mwaka 1925. Ilikuwa na rangi saba za upinde wa mvua, kwa shauri la mwanachuoni Mfaransa, Charles Gide, aliyeona humo mfano wa watu mbalimbali wenye umoja. Mwaka 2001 bendera hiyo ilibadilishwa, kwa kuwa makundi mengine nayo yalitumia upinde huo huo. Mwaka 2013, huko Cape Town, ilitolewa alama nyingine: neno "coop", ambalo herufi zake mbili za katikati zimeshikana kama pete za mnyororo. Walioichora ni Calverts, chama cha ushirika cha wafanyakazi wa London.

Mambo hayo yalitufaa sana mchoraji alipotuletea michoro mitatu. Mwenyekiti aliomba kila asemaye ataje na sababu, kwa maana neno "haipendezi" halimwonyeshi mchoraji njia.

Mchoro wa kwanza ulikuwa upinde wa mvua. Mtunza ghala alieleza kwamba magunia yetu hupigwa alama kwa bati lililotobolewa na wino mweusi tu. Rangi saba zingekuwa doa moja. Wa pili ulikuwa mikono miwili iliyoshikana. Wajumbe waliusifu, lakini wakasema kuwa mikono hiyo yaweza kuwa ya chama chochote, na magunia yakichanganyika ghalani, jasho la mkulima laweza kuhesabiwa kwa mwingine.

Wa tatu ulikuwa bibo na korosho yake. Bibi mmoja mkulima akainuka, akasema: "Mwanangu, korosho hii umeiweka juu. Mtoto huyu huning'inia chini ya bibo." Mchoraji akashukuru, akaugeuza mchoro pale pale. Wengine walitaka aongeze jembe, jua na jahazi. Mkutano ukakataa, kwani alama yenye mambo mengi haionekani kwa mbali.

Aliporudi, mistari ilikuwa minene na michache. Tuliikata katika bati, tukaipiga juu ya gunia kuukuu, tukalisimamisha mwisho wa ua. Mzee asiyejua kusoma akaulizwa aona nini. Akajibu: "Korosho zetu." Hapo ndipo tulipopiga kura.

Ndugu wanachama, nembo peke yake haipandishi bei. Yeye atiaye korosho mbichi au mchanga katika gunia lenye alama hii huwatia doa wenzake wote. Hapana budi basi tuilinde kwa kazi safi, kama tulivyoitafuta kwa maneno ya kweli yenye adabu.