Kofia ya Askari: Vazi, Neno na Dhana Potofu katika Arusha na Nchi ya Meru

Wakazi wa Arusha wamezoea kumwona mwanajeshi. Chuo cha kijeshi cha Monduli kipo magharibi ya mji wao, na maofisa wapya wanapotunukiwa kamisheni huko, habari zake husomwa nchi nzima. Hata hivyo, mengi yasemwayo juu ya kofia ya askari si sahihi. Husemwa kwamba tarbushi ya askari wa zamani ilikuwa alama ya dini yake. Kwamba kuvua kofia ndiko kumheshimu mkubwa. Kwamba saluti hupigwa popote na kwa hali yoyote. Mhadhara huu unadai kwamba dhana hizo hazikuzuka kwa ujinga. Zimetokana na kukutana kwa desturi mbalimbali za kukiheshimu kichwa, ambazo Kiswahili kimezibeba zote kwa msamiati uleule mdogo: kofia, kuvaa, kuvua.

Desturi ya kwanza ilikuwapo kabla ya kofia yenyewe. Kwa Waarusha, ambao ni wasemaji wa Kimaa, kichwa cha shujaa kilikuwa na kanuni zake. Aliyeua simba alikuwa na haki ya kuvaa manyoya ya shingo ya mnyama huyo, na asiyeua hakuyavaa. Nywele ndefu za murani nazo zilikuwa sare, na kunyolewa kwake kulitangaza kwamba ameiaga rika ya vita. Kwa hiyo, wazo kwamba kivazi cha kichwani hutambulisha cheo, na kwamba kukivaa bila haki ni kosa, halikuletwa Meru na mgeni yeyote.

Mgeni alileta tarbushi. Baada ya wamisionari wawili wa Leipzig kuuawa Akeri mwaka 1896, Wajerumani waliivamia nchi ya Meru na Arusha, na kufikia mwaka 1900 walikuwa wamejenga boma ambalo leo ni jengo la makumbusho mjini. Askari wao Waafrika walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki. Asili ya vazi hilo yafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwani hapa ndipo dhana potofu ya kwanza ilipozaliwa. Mnamo 1826 Sultani Mahmud wa Pili wa dola ya Uthmaniya alilivunja jeshi la kale la Janisari, akaunda jipya, na muda si mrefu akalivisha tarbushi. Wakati huo vazi hilo lilikuwa alama ya usasa, na wapo walioliona kuwa bid'a. Misri ililichukua kwa jeshi lake. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipoajiri Wasudani wapatao 600 mjini Cairo ili kuja kupigana pwani ya Afrika Mashariki, wengi walikuwa wametumikia jeshi hilo la Misri. Wanyamwezi na Wasukuma walioajiriwa baadaye waliikuta tarbushi tayari imekuwa sare, wakaivaa bila kuulizwa dini. Ni kweli kwamba askari wengi walikuwa Waislamu, na ni kweli pia kwamba kofia isiyo na ukingo humwezesha mtu kusujudu. Lakini kilichowavisha kilikuwa amri ya jeshi.

Ushahidi mwingine watoka vitani. Tarehe 3 Novemba 1914, huko Longido, kaskazini ya Mlima Meru, askari wa tarbushi walipambana na Wahindi wa kilemba waliotumwa na Mwingereza. Arusha ikatwaliwa mwezi Machi 1916. Mwaka uliofuata Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles, yaani KAR, kwa kuwatumia askari wa Mjerumani waliotekwa. Watu walewale walibadili bendera, na KAR nayo ilikuwa jeshi la tarbushi. Maofisa wa Kizungu hawakuivaa pamoja nao, hivyo kofia ilitenganisha pia rangi. Wapagazi, ambao vita hivyo viliwaua kwa maelfu mengi, hawakupewa kofia yoyote. Kichwani walikuwa na ngata na mzigo.

Tukija kwenye saluti, mapokeo ya Kiingereza ndiyo yenye ufafanuzi. Zamani askari wa Uingereza alimheshimu ofisa kwa kuvua kofia. Agizo la mwaka 1745 katika kikosi cha Coldstream Guards liliwataka askari waiguse tu kofia kwa mkono. Saluti ya mkono, basi, ni kofia iliyokusudiwa kuvuliwa ikaachwa kichwani. Ndiyo sababu, katika majeshi yaliyofuata mapokeo hayo, asiye na kofia hapigi saluti. Husimama wima kwa ukakamavu. Jeshi la nchi kavu la Marekani huruhusu askari anayeripoti ofisini kupiga saluti kichwa kikiwa wazi, na watazamaji wa filamu huichukulia desturi hiyo kuwa ya dunia nzima.

Utata uliobaki ni wa lugha. Mswahili wa pwani aliyehamia Arusha kwa biashara aliingia msikitini na barazani akiwa na kofia yake. Kuivaa ndiyo heshima. Mkristo wa Kilutheri pale Meru alifundishwa kuivua mlangoni mwa kanisa. Ndiko alikosoma pia chapeo, neno lenye asili ya Kireno ambalo wafasiri wa Biblia walilichagua kwa kofia ya vita ya Goliathi. Kambini neno hilo halisikiki, husemwa helmeti au kofia ya chuma. Kumvulia mtu kofia, kwa kauli ya kutendea, ni kumsifu (msemo ulioazimwa Ulaya, ingawa wasemaji wengi wanauona wao). Lakini kuvuliwa, kwa kauli ya kutendwa, ni fedheha: mtu huvuliwa cheo, huvuliwa madaraka. Jeshini mapokeo ya Kiingereza yanamfikisha mshitakiwa mbele ya kamanda bila kofia wala mkanda. Raia aliyezoea kanisa huona unyenyekevu hapo. Askari huona kwamba mwenzake amenyang'anywa, kwa muda, kile kinachomwezesha hata kupiga saluti.

Dhana moja ina madhara ya kisheria. Wapo vijana wanaoamini kwamba kofia peke yake si sare, kwamba kosa huanza kwenye gwanda. Sheria za Tanzania zinamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au mavazi yanayofanana nayo bila idhini. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa wenye mavazi hayo siku saba kuyasalimisha, na katazo hilo halikuishia kwenye kombati kamili. Muuza mitumba ambaye hajawahi kugusa bunduki anaweza kujikuta akijieleza kituoni kwa sababu ya kofia moja yenye mabaka, iliyofungwa ndani ya robota huko ng'ambo.