Uduvi-chaza: Kiumbe mdogo aliyewatatiza wanasayansi

MNAMO mwaka wa 1833, kisukuku kidogo chenye magamba mawili kilielezwa nchini Ujerumani na kupewa jina Posidonia minuta, kwa kudhaniwa kuwa aina ya chaza. Baadaye ilibainika kwamba mwenye gamba hilo hakuwa chaza hata kidogo, bali jamaa wa kamba na kaa.

Kosa hilo linaeleweka. Uduvi-chaza ni viumbe wadogo wa maji baridi ambao mwili wao wote, pamoja na miguu, hujificha ndani ya magamba mawili. Wengi wao huishi katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wao hufa, lakini mayai yao hubaki matopeni yakisubiri mvua nyingine.

Kwa muda mrefu, viumbe hawa waliwekwa katika kundi moja lililoitwa Conchostraca, jina lililotolewa na mtaalamu wa Norway, Georg Ossian Sars, mwaka wa 1867. Kilichowaunganisha kilikuwa gamba. Leo wataalamu wengi hawalitambui kundi hilo kuwa ukoo mmoja kamili.

Sasa wanagawanywa mara tatu. Kundi la kwanza ni Laevicaudata, wenye gamba la mviringo lisilo na mistari. Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni Spinicaudata, ambao mwisho wa mwili wao una miiba na kucha. Kundi la tatu ni Cyclestherida, ambalo spishi yake inayojulikana zaidi, Cyclestheria hislopi, hupatikana katika maeneo ya joto ya Afrika, Asia, Australia na Amerika.

Spishi hiyo ya mwisho ndiyo iliyovuruga mpango wa zamani. Ingawa ina magamba kama wenzake, jike huyatunza mayai ndani ya gamba, na watoto hutoka wakiwa wamekwisha kupata umbo la wazazi. Tabia hiyo inafanana na ya viroboto-maji, wale viumbe wadogo wanaorukaruka katika maji ya vidimbwi na maziwa.

Uchunguzi wa maumbile na wa DNA umethibitisha kwamba Cyclestheria ana udugu wa karibu zaidi na viroboto-maji kuliko na uduvi-chaza wengine. Laevicaudata, kwa upande wao, walijitenga na ukoo huo mapema kuliko wote. Kwa hivyo, anayetaka kundi la uduvi-chaza liwe ukoo kamili hana budi kuwaingiza viroboto-maji humo. Mwanasayansi wa Uingereza, Geoffrey Fryer, alipendekeza mwaka wa 1987 kwamba kundi la zamani livunjwe.

Kwa viumbe walio hai, mambo yamenyooka kiasi. Mtaalamu huangalia kichwa, mkia, viungo ambavyo dume hutumia kumshika jike, na hata umbo la mayai. Tatizo kubwa limo katika visukuku, kwani aghalabu kilichosalia ni gamba pekee.

Spinicaudata hawalitupi gamba lao wanapojivua ngozi. Kila mara safu mpya huongezwa chini ya ile ya zamani, na ukingo wake huacha mstari. Mistari hiyo ndiyo iliyowafanya wafanane na chaza, na ndiyo inayomsaidia mtafiti leo kuwatambua katika miamba. Laevicaudata hulivua gamba pamoja na ngozi, na visukuku vyao ni adimu.

Visukuku vya uduvi-chaza vinajulikana tangu kipindi cha Devoni, kilichokwisha takriban miaka milioni 359 iliyopita. Baadhi ya koo zao zilitoweka kabisa, mathalani Leaia, ambaye gamba lake lilikuwa na mbavu zilizonyooka kutoka kileleni hadi ukingoni.

Watafiti huainisha magamba hayo kwa kutazama nakshi zilizo kati ya mistari kwa hadubini: nyingine ni kama wavu, nyingine ni mifereji. Hata hivyo, gamba la dume na la jike wa spishi moja huweza kutofautiana umbo, na mgandamizo wa mwamba huweza kulipotosha. Hivyo ndivyo spishi moja inavyoweza kupata majina mawili au matatu.

Suala hili si la majina tu. Miamba iliyotokana na matope ya maziwa ya kale haina visukuku vya baharini, na wanajiolojia huwatumia uduvi-chaza kulinganisha umri wake. Nchini Uchina, jenasi ya Eosestheria ni miongoni mwa alama za tabaka za Jehol, ambamo dinosau wenye manyoya walipatikana. Jina likikosewa, umri wa tabaka nzima huweza kukosewa.

Tumaini limo katika visukuku vichache vilivyohifadhi zaidi ya gamba. Miamba ya Daohugou nchini Uchina, ya kipindi cha Jurasi, imetoa uduvi-chaza wenye sehemu laini za mwili pamoja na mayai. Hao wanaweza kulinganishwa moja kwa moja na wa madimbwi ya leo, na kuonyesha ni nakshi zipi za gamba zinazofichua udugu wa kweli na zipi ni mfanano mtupu.