Simu Imesimama, TV Imelala: Vita ya Picha Inayofika Hadi Kibosho

Desemba ikifika, Wachaga wanapanda kwao, na Kibosho inajaa magari na simu. Kila kitu kinarekodiwa: ubatizo, mbuzi, babu akiwaonyesha wajukuu masale yanayoweka mpaka wa kihamba. Usiku mtu anaunganisha simu na flati ya sebuleni ili wazee nao waone. Hapo ndo kituko kinaanza. Picha imesimama katikati kama mlango mwembamba, kushoto giza, kulia giza.

Hesabu yake iko hivi. Simu iliyosimama ni 9 kwa 16, TV ni 16 kwa 9. Video hiyo ikionekana nzima, haifikishi hata theluthi ya kioo. Yaani umenunua TV kubwa halafu sehemu kubwa inaonyesha weusi!

Nani alileta mambo haya? Rudi Marekani miaka ya 1890. William Dickson, aliyekuwa akimfanyia kazi Thomas Edison, alipanga picha ya filamu iwe 4 kwa 3, na TV zilipokuja zikarithi umbo hilo. Mwaka 1953 Hollywood ikaanza kutanua skrini kwa kishindo, kuwarudisha sinema watu waliokuwa wamenogewa na TV nyumbani. Ile 16 kwa 9 ya leo ilipendekezwa miaka ya 1980 kama suluhu kati ya sinema na TV.

Kwetu Zanzibar ilitangulia, TV ya rangi mwaka 1973. Bara ikasubiri hadi 1994 ITV ilipoingia hewani. Kwa hiyo TV ya kwanza ya nyumba nyingi za Kibosho ilikuwa ya chogo. Mwisho wa 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, Dar kwanza. Ving'amuzi vikaingia, na taratibu chogo zikapisha flati pana.

Sasa cheki bahati mbaya: sebule zikipanuka, mkono ukawa unasimamisha picha. Snapchat ilikuja 2011, Instagram Stories 2016, halafu TikTok. Simu inashikwa kwa mkono mmoja, wima, kwa sababu ilizaliwa kwa ajili ya sikio na mdomo. Mwanzoni waliorekodi hivyo walichekwa na kuonekana washamba.

Kicheko kimepungua. Ijumaa ya 21 Oktoba 2022 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro karibu na Karanga, upande wa kusini, juu huko kwenye mita zinazokaribia 4,000. Kwenye mwinuko huo, kamera ya kwanza huwa ni simu ya mpagazi, muongozaji au mgeni. Hakuna anayemuuliza shahidi kwa nini hakulaza simu. TV inapokea ilichopewa, inajaza pembeni kwa ukungu wa picha ileile, maisha yanaendelea.

Ila ukungu haurudishi kilichoachwa nje. Ukiwa Moshi, rekodi mlima simu ikiwa imesimama. Kibo na Mawenzi vitaingia, lakini vidogo, chini ya anga tupu. Vuta karibu kidogo, Mawenzi hayupo.

Ukoo nao ni hivyohivyo. Mtu mmoja anaongea? Simamisha, sura yake itajaa vizuri. Watu thelathini wamepanga mstari mbele ya nyumba? Laza simu. Na babu anapoonyesha masale, laza kabisa. Siku ugomvi wa kihamba ukija, atakayetafutwa si babu peke yake, ni wale waliosimama pembeni wakisikiliza. Shangazi aliyebaki nje ya picha, hakuna flati duniani itakayemrudisha.