Uhalisia na ubunifu katika magemu ya mabasi

Bus Simulator Indonesia, gemu la simu lililotolewa na Maleo mwaka 2017, humruhusu mchezaji kupaka basi rangi azitakazo na kuingiza magari yaliyoundwa na wengine. Ndiyo njia ambayo mabasi yenye sura ya Kitanzania yameingia humo. Indonesia nayo huendesha magari upande wa kushoto, hivyo mchezaji wa Dodoma huzoea usukani upesi.

Lakini barabara ni za Indonesia. Hakuna mibuyu ya Ugogo, wala mteremko wa Sekenke mkoani Singida. Hayo mchezaji huyajaza kichwani mwake, na utamu mwingi wa gemu uko hapo.

Uhalisia kamili ungemchosha. Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 450, na basi la kweli hubanwa na ukomo wa kilomita 80 kwa saa, 50 penye makazi. Gemu hufupisha safari, likabakiza honi.

Nairobi X, gemu la Mkenya Andrew Kaggia la mwaka 2015, lilichagua mchanganyiko mwingine wa uhalisia na ubunifu: jiji la kweli, wavamizi kutoka anga za mbali.