"Pauper": jina lililomtoza maskini haki zake

Mwaka 1697 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomtaka kila anayelishwa na parokia yake ashone herufi P kubwa begani, kwenye mkono wa kulia wa vazi lake la juu. Herufi hiyo ilikatwa kwa kitambaa chekundu au cha buluu, na kando yake ilishonwa herufi ya kwanza ya jina la parokia. Mke na watoto waliokaa nyumba moja na mpokeaji walivaa alama ileile. Aliyekaidi aliweza kupunguziwa posho, kunyimwa kabisa, au kupelekwa jela kuchapwa viboko na kufanyishwa kazi ngumu kwa hadi siku 21. P ndiyo inayoanza neno "pauper", ambalo siku hizi Waingereza wenyewe hawalitumii sana nje ya vitabu vya zamani. Kamusi hulieleza kwa ufupi kuwa ni mtu fukara. Historia yake inasema zaidi ya hapo. Kwa muda mrefu neno hili lilikuwa hadhi ya kisheria, na aliyelibeba alilipia chakula chake kwa haki zake za uraia. Aibu iliyolizunguka iliwekwa kwa makusudi, ikatumika kama chombo cha utawala.

Neno lenyewe lilianza bila ubaya wowote. Kwa Kilatini lilimaanisha maskini tu, na liliingia katika Kiingereza kwa mlango wa sheria. Mwaka 1495, chini ya Mfalme Henry wa Saba, maskini waliruhusiwa kufungua kesi bila kulipa ada na kupangiwa mawakili wa kuwatetea. Sheria ya mwaka 1601, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilizilazimisha parokia kutoza kodi ya maskini na kuteua wasimamizi wa kuigawa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa mzigo wa wenye njaa ulitoka kwenye hiari ya matajiri ukawa wajibu wa jamii. Lakini kila parokia iliogopa kulisha watu wa parokia nyingine. Mwaka 1662 ikaja sheria iliyoruhusu mgeni aliyepanga nyumba ya kodi isiyofika pauni 10 kwa mwaka arudishwe alikotoka, hata kama bado hajaomba msaada wowote. Hivyo umaskini ukaanza kumfunga mtu mahali, na alama ya begani ikafuata miaka 35 baadaye. Alama hiyo ilifutwa mwaka 1810, ila fikra iliyoizaa ilibaki.

Fikra hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 1834. Gharama za kuwatunza maskini zilikuwa zimefikia takriban pauni milioni 7 kwa mwaka, na walipa kodi walinung'unika. Tume iliyoundwa mwaka 1832, ambamo mchumi Nassau Senior na mwanasheria Edwin Chadwick walikuwa na sauti kubwa, ilitenganisha makundi mawili. Kundi la kwanza ni la anayelazimika kufanya kazi ili ale: huo ni umaskini wa kawaida, na sheria isiuguse. Kundi la pili ni la asiyeweza kujikimu: huyo asaidiwe, lakini hali yake iwe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa anayejitegemea. Sheria ya 1834 ikafuata fikra hiyo: parokia zipatazo 15,000 ziliunganishwa katika miungano kama 600, na zikajengwa nyumba za kazi, ambamo waliohitaji msaada walikaa na kufanyishwa kazi. Aliyeingia alivishwa sare, akatenganishwa na mwenziwe wa ndoa na watoto wake. Katika nyumba ya kazi ya mji wa Andover, Uingereza, wakazi walipewa kazi ya kusaga mifupa ili iwe mbolea. Mwaka 1845 ikagundulika kwamba walikuwa wakigombania uboho na mabaki ya nyama yaliyong'ang'ania kwenye mifupa hiyo, kwa sababu posho yao haikuwashibisha.

Njaa haikuwa gharama pekee. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1832 ilimnyima kura mwanamume wa mjini aliyepokea msaada wa parokia katika miezi 12 iliyotangulia. Mwaka huohuo sheria nyingine iliruhusu maiti za nyumba za kazi zisizodaiwa na ndugu zipelekwe kwa madaktari kupasuliwa kwa ajili ya mafunzo, jambo ambalo hapo awali lilikuwa adhabu ya wauaji walionyongwa. Ng'ambo ya bahari, mkataba wa kwanza wa muungano wa majimbo ya Marekani, ulioanza kutumika mwaka 1781, ulitoa haki sawa kwa wakazi huru wa majimbo yote, ukawatoa "paupers" katika sentensi moja na wazururaji na watoro wa sheria. Mtu aliyekosa chakula aliwekwa kundi moja na mhalifu.

Watetezi wa utaratibu huo walikuwa na hoja ya kusikilizwa. Fedha za umma zina mwisho, na msaada usio na masharti huenda ukawavutia wanaoweza kujitegemea. Hoja hii inasimama tu ikiwa uvivu ndio chanzo kikuu cha ufukara. Mtafiti Seebohm Rowntree alipochunguza mji wa York, Uingereza, na kuchapisha matokeo mwaka 1901, alikuta karibu asilimia 28 ya wakazi wakiishi katika umaskini. Kati ya waliokosa kipato cha kutosheleza hata mahitaji ya mwili, takriban nusu walitoka katika nyumba ambazo mwenye kuzilisha alikuwa na kazi ya kudumu, ila mshahara haukutosha. Kisha pensheni ya wazee ilianza tarehe 1 Januari 1909: hadi shilingi 5 kwa wiki kwa waliotimiza miaka 70, zikichukuliwa posta. Katika miezi michache wapokeaji walizidi nusu milioni. Wengi wao hawakuwa wakitegemea msaada wa parokia, na kwa kweli aliyekuwa ameupokea tangu mwanzo wa 1908 alizuiwa kupata pensheni hadi mwisho wa 1910. Aibu iliwachuja wahitaji wenye heshima yao, wakakaa na njaa kimya nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba kubadili jina hakujazi chungu. Ni kweli, na historia yenyewe inalionyesha hilo. Mwaka 1904 wasajili wa vizazi walishauriwa kwamba mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya kazi aandikiwe anwani isiyoonyesha alikozaliwa. Serikali ilikuwa imekubali kwamba jina humfuata mtu maisha yake yote. Mwaka 1930 nyumba hizo zilipewa majina mapya, lakini wazee waliendelea kuyaogopa malango yaleyale. Kilicholeta tofauti ni haki. Mwaka 1918 sheria ilitamka kwamba kupokea msaada hakumwondolei mtu kura yake, na mwaka 1948 mfumo mzima wa sheria ya maskini ukafutwa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sheria za miaka ya 1830 zilimnyonga mnyonge, kisha zikamnyima na haki.

Neno hili halijafa. Kanuni za mashauri ya madai za Kenya, zenye asili moja na za India ya kikoloni, bado zinamwita "pauper" mtu anayeomba kufungua kesi bila ada. India yenyewe ililiondoa katika sheria yake mwaka 1976, ikachagua neno lisilo na historia hiyo. Mtu anaweza kusema kwamba hapa neno linafungua mlango badala ya kuufunga, kama lilivyofanya mwaka 1495. Ni sawa, na ndiyo maana utaratibu wenyewe unastahili kulindwa na kupanuliwa. Lakini anayekwenda mahakamani kudai haki yake hana sababu ya kuingia akiwa na jina lililoshonwa begani kwa watu kwa zaidi ya miaka 100. Kila mpango wa kuwasaidia wasio nacho, uwe wa mahakama, wa chakula au wa fedha, upimwe kwa swali moja: mpokeaji anapoteza nini kwa kupokea? Ikiwa anapoteza kura, siri au heshima yake, huo si msaada. Ni biashara, na maskini ndiye anayelipa.