Wauguzi Walitangulia, Wakimbizi Wakafuata

Ukitoka Chanzuru, Kilosa, ukaishika barabara ya Rudewa hadi Dumila, kisha ukapinda kulia kuelekea Morogoro, njia inakupitisha Dakawa. Leo wengi wanaijua Dakawa kwa mpunga. Miaka ya 1980 palikuwa makazi ya Waafrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi, na hospitali yao ilikuwa mbele zaidi, Mazimbu, pembeni mwa mji wa Morogoro. Hospitali hiyo husimuliwa kama sehemu ya ukombozi wa Afrika Kusini. Mimi naiona pia kuwa sehemu ya historia ya afya ya watu wa Morogoro, na simulizi lake linaanza kabla ya mkimbizi yeyote kukanyaga Mazimbu.

Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, wauguzi wengi wa Kiingereza walifungasha wakaenda zao. Wodi zikabaki na wagonjwa bila wa kuwahudumia. Mwalimu Nyerere akaomba msaada kwa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na wauguzi weusi wapatao 20 wakaja kutoka Afrika Kusini kuziba pengo. Walijua kwamba serikali ya makaburu haitawafungulia mlango wa kurudi. Wamezalisha mama zetu, wamefunga vidonda vya baba zetu, na ni watu wachache sana leo wanaowakumbuka.

Deni letu kwa wauguzi hao lilikuwa bado bichi pale polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto, Juni 16, 1976. Maelfu ya vijana walivuka mipaka, na wengi wakaishia Tanzania. Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC shamba la mkonge lililoachwa la Mazimbu. Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo, Anna Abdallah, alilisimamia jambo hilo kwa moyo. Hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979.

Watu wa Kilosa wanajua shamba la mkonge ni nini. Wazee wengi wa Kimamba na Rudewa ni watoto na wajukuu wa manamba, watu walioletwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma na hata Burundi. Nao walikuwa wageni, walipimwa afya na walitibiwa, lakini walipimwa kama nguvu kazi: mkono ukipona, urudi kukata mkonge. Kwenye ardhi ileile ya mkonge, wageni wa Mazimbu walipokelewa kwa fikra nyingine kabisa.

Tatizo la kwanza lilikuwa malaria. Kijana aliyekulia Soweto, kwenye nyanda za juu zenye baridi, hakuwahi kuugua homa hiyo hata siku moja, hivyo mwili wake haukuwa na kinga yoyote. Mtoto wa Morogoro mwenye umri wake alikuwa ameshaugua mara nyingi na kuizoea kidogo. Yeye mgeni alianguka moja kwa moja, akitetemeka chini ya blanketi mchana wa jua kali. Dawa ilikuwa klorokwini, chungu kama shubiri, na kwa wengi iliwasha mwili mzima usiku kucha. Ilibidi wafundishwe upya mambo ambayo mwenyeji hakumbuki alijifunza lini: kufunga neti kabla ya giza, kufukia madimbwi, kutopuuza homa hata kidogo.

Homa angalau hupimwa kwa kipimajoto. Vijana wengine walikuwa wametoka jela wakiwa wameteswa, au walimwona rafiki akipigwa risasi pembeni yao. Jeraha la namna hiyo lilihitaji mtu wa kukaa na mgonjwa na kumsikiliza kwa lugha yake. Kulikuwa pia na wasichana waliopata ujauzito uhamishoni, mbali na mama na shangazi wa kuwalea siku za uzazi. Kwa ajili yao ANC ilianzisha Kituo cha Watoto cha Charlotte Maxeke, mama anyonyeshe kwa utulivu, kisha mtoto alelewe ili mama arudi darasani. Nalipenda jambo hili kuliko majengo yote ya Mazimbu. Msichana hakufukuzwa shule kwa sababu ya mtoto, wakati shule zetu wenyewe zilikuwa zikifukuza.

Mwanzoni palikuwa na zahanati tu, na mgonjwa mahututi alipelekwa hospitali ya mkoa au Muhimbili. Mwaka 1984 ikafunguliwa hospitali kamili, iliyojengwa kwa michango ya Waholanzi waliopinga ubaguzi. Ilifunguliwa kwa wakati. Machi mwaka huohuo Msumbiji ilitia saini mkataba wa Nkomati, wa kutoshambuliana, na makaburu, na wanachama wengi wa ANC waliokuwa huko wakalazimika kuondoka. Wengi walifikia Dakawa, kwenye ardhi ambayo Tanzania ilikuwa imeitoa mwaka 1982, wakaishi kwenye mahema juu ya udongo mweusi unaoganda miguuni mvua ikinyesha.

Hospitali ya Mazimbu haikufunga geti kwa wenyeji. Wanavijiji wa jirani walitibiwa humo, wakapanga foleni moja na wakimbizi. Utaratibu huo ungalipo Kigoma, ambako kwenye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, Watanzania wa vijiji vya karibu nao hufuata matibabu.

Julai 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa serikali, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Vitabu vilivyoandikwa juu ya miaka ile vimewataja walimu, viongozi na wafadhili. Watanzania waliofua mashuka ya wagonjwa, waliopika uji wa wodini na waliowatafsiria madaktari wa kigeni maneno ya bibi kutoka kijijini, wamo kwa uchache mno. Baadhi yao bado wako hai, Morogoro na Dakawa, na Chuo Kikuu cha Sokoine, kinachokaa kwenye majengo yaleyale, ndicho chenye nafasi nzuri ya kwenda kuwahoji.